Mkono Utakaomlisha Waziri

Kalemie

Yaya wangu Furaha, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu nikiwa nimeketi, maana kusimama sasa ni kazi. Goti lako linasemaje tangu mvua zianze? Watoto wanasoma, au vita vimefunga shule tena? Mimi sina habari njema. Figo zangu zimechoka, na daktari hanifichi tena.

Uliponikatia simu siku ile, nilikuwa nimekuuliza jambo moja tu: nikifa, utampokea mbwa wangu Waziri pale bandarini Kalundu, akiletwa kwa boti? Ukafoka: "Weye! Unajiitia kifo? Funga hiyo kinywa, tuombe!"

Ombeni, yaya. Lakini nimesoma vitabu vingi, na bado sijakutana na mtu aliyeuawa na mpango. Baba alipolala kitandani kule Sange, nani alithubutu kumuuliza mbuzi wake watachungwa na nani? Tuliogopa kuonekana tunamzika akiwa hai. Tulirudi kutoka makaburini tukakuta mbuzi wamo ndani ya mpunga wa jirani, na wawili wamekwisha kukatwa kwa panga. Hiyo ndiyo heshima tunayojivunia mbele ya wagonjwa wetu!

Mbwa huyu nilimpa jina la Waziri kwa sababu alikula bila kufanya kazi. Nilimsingizia. Tangu niugue analala mlangoni, na hakuna apitaye bila kukaguliwa. Shida ni kwamba hali chakula ila kutoka mkononi mwangu. Nilimzoeza hivyo ili wezi wasimpe sumu. Nilipolazwa hospitalini, alikaa na njaa mpaka niliporudi. Nilimkuta mbavu nje.

Basi nikamwita jirani yangu, Mama Nabintu, mjane anayeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni. Nikamwomba ajifunze kumlisha Waziri. Akasimama mbali.

"Minye naogopa imbwa, papa. Iko na meno!"

"Na weye iko na ulimi, mama. Yeye ndiye anakuogopa."

Akacheka, akakubali.

Sasa kila jioni anakuja na bugali na vichwa vya samaki. Mwanzoni niliweka mkono wangu juu ya wake, Waziri akala. Halafu nikauondoa, akagoma. Halafu nikaingia ndani na kufunga mlango. Alilia upande wa pili, akikwaruza mbao, nami nikanyamaza. Mimi, yaya, ambaye sijawahi kunyamaza mbele ya mtu yeyote.

Kwa hiyo sikuombi tena umpokee. Nakuomba hili: mtakapokuja kwenye kilio, unamjua baba mdogo, atashika mawe amfukuze, eti mbwa wa marehemu huita kifo kingine. Simama mbele yake. Mwambie huyu mbwa ana mwenyewe, naye ni Mama Nabintu. Akibisha, mwambie aje agombane na mimi kaburini, atanikuta niko tayari.

Nisalimie shemeji, mume wako mvumilivu. Nisalimie shangazi yetu wa Sange, na mdogo wetu anayechunga ng'ombe kule Mulenge. Mwambie simlaumu kwa kutopiga simu, najua mlimani mtandao ni shida.

Jana jioni nilifungua mlango nikamwita Waziri. Mkia ulitikisika kidogo, lakini hakuinua kichwa. Alikuwa anakula mkononi mwa Mama Nabintu. Ndivyo nilivyotaka. Nikafunga mlango taratibu, nikarudi kitandani.

Mdogo wako anayekupenda,
Kizito