Feni na Sauti ya Dada Mwanaidi

Jumatatu, 7 Juni 2004

Chai, uji wa mgonjwa, kisha kompyuta. Ndiyo ratiba tangu shule ifungwe. Leo dada Mwanaidi alikaa kwenye kiti changu, blanketi mabegani, maikrofoni ya shule mbele yake. Ameimba wimbo wote wa majina, mwanzo hadi mwisho, bila kukohoa. Nilipousikiliza nikakasirika. Feni ya kompyuta inanguruma kama mashine ya kusaga, na dada yuko nyuma yake, mbali. Nimeufuta. Kazi ya hovyo simpi mjukuu wa dada yangu.

Niandike vizuri kwa nini nahangaika. Dada ana uvimbe mbaya kooni. Tarehe 21 anapasuliwa Dar, na daktari hakuficha: kisanduku cha sauti kinatolewa chote. Binti yake Zaina, mchuma chai kule Bulwa, anajifungua mwezi ujao. Katika ukoo wetu, mtoto akitolewa nje mara ya kwanza, bibi mzaa mama humwimbia majina ya waliotangulia. Si shangazi, si mwingine yeyote. Bibi huyo hatakuwa na sauti. Tunasafiri tarehe 18.

Kaseti dada haitaki. Ile ya marehemu mama iliota ukungu kwa unyevu wa milima hii, sasa inatoa mlio wa mbu tu. Dada amesema: "Mimi usinitie kwenye kaseti."

Jumanne, 8 Juni

Kompyuta yenyewe ni mtumba wa Ulaya, niliinunua Tanga. Soko huria limetuletea kila kitu, hata feni zilizowachosha wenyewe. Inaendeshwa na mfumo wa Linux, kwa sababu mwalimu wa kujitolea aliniachia CD zake alipoondoka, na kwa sababu ni ya bure.

Nimeshinda intaneti kafe. Ukurasa mmoja nimeusubiri kama watu wa Mombo wanavyosubiri mvua. Lakini nimetoka na karatasi sita, na nimefurahi. Kumbe feni haina haja ya kuzunguka kwa nguvu zote muda wote. Ipo programu inayosoma joto la mashine, kisha inaipunguza au inaiongeza feni yenyewe, bila mtu kugusa. Kukiwa na baridi feni inalala. Na Lushoto mwezi Juni baridi haitafutwi.

Nimemwambia dada apumzishe koo, tutarekodi keshokutwa.

Alhamisi, 10 Juni

Nimeanza na ile programu ya kutafuta vipimajoto. Inauliza maswali kuliko karani wa mahakama. Nimejibu ndiyo kwa yote. Vimeonekana viwili. Kimoja kinasema nyuzi 38. Kingine kinasema 127, muongo huyo, nimemwacha. Halafu programu ya pili, inayosimamisha feni ili ijue ni ipi inayoitii. Feni ikasimama. Kimya. Nilisikia kuku wa jirani wakiparura. Nikamwita mke wangu Hadija aje asikilize kimya. Alinitazama tu.

Nimeandika viwango: chini ya nyuzi 45 feni isimame, ikifika 65 izunguke kwa nguvu zote. Nikazima, nikawasha upya. Ngurumo ileile. Dada alikuwa ameshakaa kitini, ameshakunywa maji ya tangawizi. Nikamwambia kesho.

Ijumaa, 11 Juni

Kosa nimeliona kabla ya swala. Kompyuta inapowaka haikumbuki kuvisoma vipimajoto mpaka iandikiwe kwenye faili lake. Nimeandika. Nimewasha upya mara tatu, mara zote tatu feni imelala. Alhamdulillahi. Nimeiacha inaendelea, nikaenda msikitini.

Nimerudi inanguruma. Nyuzi 66. Chumba kina baridi mpaka vioo vya dirisha vinatoa jasho, na mashine ina homa. Sielewi.

Dada amekohoa sana leo.

Jumamosi, 12 Juni

Mchezo uleule. Nikikaa mbele yake, kimya. Nikienda sokoni nikirudi, ngurumo. Nimebadili viwango mara nne. Nimefungua kasha, nimepuliza vumbi, nimefunga. Nimemfokea Hadija kwamba maharage hayana chumvi. Chumvi ilikuwa sawa.

Jumapili, 13 Juni

Naona mashine inakufa. Dada ameuliza kama leo tutarekodi. Nimesema bado.

Jumatatu, 14 Juni

Nimejua.

Nilitoka nikasahau miwani, nikarudi ghafla. Kompyuta imefunikwa. Kitambaa cha kudarizi, kile cha maua mekundu, mbele na nyuma, hewa haipiti hata ya kuombea maji. Humu ndani kila chenye thamani kinafunikwa: redio, televisheni, chupa ya chai. Nyumba zote za huku ni hivyo. Nimekulia kwenye vitambaa hivyo hata sivioni tena. Kumbe kila nikitoka Hadija anafunika, vumbi lisiingie, na kila akisikia viatu vyangu uani anafunua, nisisumbuke. Na mimi nalaumu Linux.

Nilifungua mdomo nimfokee. Akaniwahi. "Si ulisema humo ndimo itakamokaa sauti ya wifi? Ningeiacha wazi kama sufuria?"

Siku nne zimekwenda. Nimekunja kitambaa mwenyewe nikakiweka kabatini. Tangu asubuhi hadi jioni feni haijaguna.

Jumanne, 15 Juni

Dada amekaa. Feni imelala. Kila kitu kiko tayari.

Amefungua mdomo, sauti haikutoka. Hewa na mkwaruzo tu. Akanywa maji, akaanza tena. Jina la tatu likamkatikia. Akanitazama kana kwamba yeye ndiye mkosaji.

Wimbo mzima ulikuwepo. Tarehe saba, na kelele zake, ulikuwepo, na nimeufuta kwa mkono wangu. Leo nimeutafuta kwenye diski kwa kila njia ninayoijua. Haupo. Nimeandika majaribio yangu juu yake wiki nzima. Mtu alinipa sauti yake ya mwisho, nikasema haifai.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yamewahi, mjukuu mwenyewe hajazaliwa. Najichukia.

Jumatano, 16 Juni

Asubuhi nilimkwepa. Akanifuata hadi kwenye migomba, akitembea polepole, akaegemea ukuta wa banda. Amesema kwa Kishambaa, kwa kunong'ona, kwamba kuimba hawezi lakini kutaja anaweza. "Mtoto wa siku saba atajuaje kwamba zamani nilikuwa naimba?" Akacheka. Kicheko nacho hakina sauti sasa.

Tukaingia ndani. Hadija akamletea jiko la mkaa miguuni, maana anatetemeka. Chumba ni kidogo. Nikatazama nyuzi zinapanda: 43, 44, 46. Feni ikaanza kuguna, na mnong'ono ule hata inzi angeufunika. Ningeweza kupandisha kiwango, lakini mkono wangu haukutaka tena kugusa lile faili. Dada akaonyesha jiko kwa kidole, kisha mlango. Hadija akakataa. Dada akaonyesha tena, na hakuna aliyewahi kumshinda dada mara ya pili. Jiko likatoka. Dirisha likafunguliwa. Tukakaa na makoti yetu tukisubiri, watu wazima watatu tunasikiliza feni, mpaka iliposimama.

Akayataja yote. Ishirini na tatu. Jina, pumzi, jina, pumzi. Nilidhani amemaliza, nikanyoosha mkono kuzima. Akanizuia. Akataja jina la ishirini na nne. Mwanaidi.

Katika wimbo ule wamo waliokufa tu. Nilimwambia, dada, hilo bado. Akasema niache hivyohivyo.

Alhamisi, 17 Juni

Nimechoma CD mbili, moja ya Zaina, moja ya kuweka. Kabla ya hapo nilisikiliza kutoka mwanzo. Safi. Hakuna hata chembe ya feni. Nilipofika jina la mwisho kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kukata.

Nimefuta vya kutosha mwezi huu. Nimeliacha.

Jumatatu, 21 Juni, Dar es Salaam

Ameingizwa asubuhi. Kabla ya kuingia alitaka kusema kitu, muuguzi akamwambia anyamaze asijichoshe. Sikusikia alichotaka kusema. Naogopa.

Joto la huku halina adabu. Benchi ni la chuma. Nimesoma Yasini mara mbili.

Mchana daktari ametoka. Yuko hai.

Jumapili, 25 Julai

Lushoto. Mvua nyembamba tangu alfajiri.

Mtoto ametolewa nje juzi huko Bulwa. Msichana. Zaina amepiga simu. CD ilipigwa kwenye redio ya jirani, na wanawake ilibidi wanyamaze wote, na watoto wakafukuzwa uani, maana mnong'ono ule hausikiki watu wakizungumza. Haijawahi kutokea shughuli ya kwetu ikawa kimya hivyo. Lilipofika jina la mwisho bibi mmoja akauliza kwa sauti, huyu si yu hai? Wakacheka. Mtoto alikuwa amelala.

Dada amerudi kwangu tangu Jumatano. Ana tundu shingoni, analifunika kwa kitambaa cheupe. Siku zote hizi nimekuwa nikiingia kwake kimyakimya, naweka uji, natoka. Sijamwamkia. Nitamwamkiaje mtu asiyeweza kuitikia? Niliona nikisema shikamoo namdai kitu alichokiacha hospitalini. Nina miaka hamsini na mbili na sijawahi kupita mbele ya dada yangu asubuhi bila kumwamkia, ila wiki hii.

Leo alinidaka mkono wa shati. Akavuta daftari, akaandika kwa herufi kubwa mpaka kalamu ikatoboa karatasi: ADABU UMEIACHA WAPI?

Nikaweka bakuli chini. Nikasimama wima kama mwanafunzi aliyechelewa. Nikasema, shikamoo dada.

Hakuharakisha. Alitengeneza blanketi, akaliweka daftari magotini, akaandika marahaba, herufi moja moja, kisha akanigeuzia nisome. Nilisoma nikainama, nisionekane uso. Akagonga bakuli kwa kijiko. Uji ulikuwa umeshapoa, nikaenda kuupasha.