Dufu la Baba Juu ya Kabati la Gemu

Temeke,
Dar es Salaam.
Ijumaa, 28 Novemba 1997

Mpendwa Kaka Badru,

Shikamoo kaka yangu. Kabla ya yote niambie, kile kidole ulichobanwa na mlango wa gari kimepona? Chausiku aliporudi na biashara zake kutoka huko Dubai safari iliyopita alisema umekifunga bandeji kubwa, mama akakosa raha siku nzima. Na kula, unakula? Usinijibu kwamba unakula vizuri. Nijibu unakula nini.

Sie huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama magoti yanamuuma kwa hii baridi ya mvua, lakini anaswali, anakula na anagomba, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Mie mzima. Mdogo wetu Mashaka naye mzima kupita kiasi. Watoto wa mtaa wote wana mafua, na utaona huko mbele kwa nini nakutajia mafua ya watoto wa watu.

Mvua ya mwaka huu haikati, kaka. Choo cha nyumba ya nyuma kimefurika, maji yanapita mlangoni petu na mambo yake yote, tunaruka kwenye matofali kwenda dukani. Nguo hazikauki. Chumvi imekuwa uji. Viatu ulivyomletea mama vimeota ukungu ndani ya boksi lake.

Haya, salamu zimetosha. Kaka, nina kinyaa. Naamka nacho na kulala nacho, na chanzo chake ni hilo gemu lako.

Ile bodi ya gemu uliyompa Chausiku amletee Mashaka ilifika salama. Mashaka akatafuta televisheni kuukuu, akaokota mbao za makreti, akachonga kabati refu kuliko mimi, akaliweka kibarazani. Linafanya kazi, sikatai. Toka asubuhi watoto wamejazana hapo. Kamasi zinawatiririka, wanafuta kwa kiganja, na kiganja hicho hicho kinarudi kwenye vitufe. Wengine wanakula ubuyu huku wanacheza. Ile fimbo ya kuchezea imekuwa nyekundu na inanata, juzi nimemwona mtoto anailamba kabisa. Nikaingia ndani nikatapika chai yangu.

Hayo ningevumilia. Balaa limeletwa na ile picha uliyotuma, ya duka la huko kwenu lenye mashine zimepangwa ukutani, kila moja ina kibao kinachowaka juu, kwenye paji la uso. Mashaka alipoiona, basi. Akawa hali wala hanywi. "Dada, gemu bila kibao cha taa juu nani atalijua?" Nikamwambia mtaa mzima unalijua, hata mainzi wanalijua. Hasikii.

Kwanza akachukua boksi la sabuni, akakata uso wake, akabandika karatasi nyeupe aliyoipaka mafuta ya kupikia ili mwanga upite, akaishika kwa misumari ya viatu. Ndani akatia globu. Usiku wa kwanza mende wakayafuata mafuta. Ukiwasha unawaona kwa vivuli wanatembea ndani ya karatasi, na ndevu zao zinacheza. Watoto wakashangilia, wakadhani ndilo gemu lenyewe. Asubuhi karatasi imeliwa, imebaki misumari.

Pili akakata mfuniko mweupe wa ndoo yangu ya maji. Yangu, kaka, hakuniuliza. Akautoboa matundu, akaufunga kwa waya. Globu ikauyeyusha, ukadondokea vitufe, na harufu yake ikaingia kwenye mchuzi wa nazi. Mchuzi tuliumwaga. Mie ile harufu ninaisikia puani mpaka leo nikiona ndoo.

Tatu akaingia chumbani kwa mama, akachomoa kioo kimoja cha luva dirishani pamoja na vyuma vyake vya pembeni. Vyuma akavifunga huku na huku juu ya kabati, kioo akakichomeka. Hapo nasema kweli, kilikaa vizuri, kinaingia na kutoka kama dirishani. Lakini mama alilala na mvua usoni na mbu masikioni. Kulipokucha akamwita Mashaka. "Kioo changu, kabla sijamaliza hii chai." Mashaka akakirudisha mbio.

Sasa sikiliza la nne, na ukae chini.

Unalikumbuka dufu la baba. Utalisahau vipi wewe, ambaye ulikuwa unakaa mapajani kwake anakushika viganja anakufundisha, na sie wengine tukiligusa tunachapwa. Toka baba afariki liko ukutani sebuleni, kwenye msumari wake. Linashuka mara moja kwa mwaka, Shaabani, Mzee Mfaume na wenzake wa Kigamboni wanapokuja kumsomea baba maulidi. Wanaanza na hilo, ndipo mengine yafuate. Unayajua haya. Ninakuandikia tu nipate kupumua.

Jumatatu nimetoka sokoni Tandika, nafika kibarazani nasikia harufu ya mbuzi. Mbuzi aliyelowa, yule yule, nikadhani kuna mnyama wa mtu kaingia kujikinga mvua. Nainua macho. Lahaula! Dufu la baba liko juu ya gemu, limeangalia barabara, ndani yake globu inawaka. Ngozi imekuwa ya rangi ya asali, mishipa yote ya yule mbuzi inaonekana. Na juu ya ngozi kuna maandishi. Mkewe Mashaka, Nusaiba, mwenye kazi yake ya kupamba maharusi, kachukua hina akazungushia maua, na katikati kaandika GEMU LA BADRU.

Astaghfirullahi, kaka. Ngozi iliyopigwa kumsifu Mtume, inawaita watoto wenye kamasi waje kupiga mazimwi! Nikakaa kwenye ngazi na kapu langu la mchicha. Mashaka anatoka ndani anacheka. "Dada, umeona? Halikuhitaji hata kioo. Uso mmoja ngozi, nyuma wazi, taa inakaa yenyewe. Bure kabisa!" Bure! Jasho la baba yake anasema bure.

Ningelishusha mie mwenyewe, nisingekusumbua. Ila nyaya zake huyu mtoto ziko uchi, kuku wa jirani yetu Demetria alizikanyaga akaruka mpaka uani kwao, na mie nina watoto wa kulea. Tena najua kalipigilia misumari. Ule mti wa ukingo ni wa zamani, nikivuta utapasuka. Na joto la globu kila siku, ngozi si itachanika? Mama nimemficha, nimemwambia liko kwa fundi, na kibarazani hatoki kwa matope.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Maulidi ni Jumapili ya wiki ijayo. Chausiku anaondoka kesho, barua hii ataitia mkononi mwako. Ukimaliza tu kuisoma, piga ile simu ya dukani, umwambie Mashaka maneno matatu: shusha dufu hilo. Mie nikisema anacheka. Wewe ndiye anayekusikia. Usiache Mzee Mfaume akaja kulikuta pale, maana kaburini kwa baba sitakuwa na uso wa kwenda.

Jumatatu, 8 Desemba

Kaka, barua haijaondoka. Viza ya Chausiku ilichelewa, anasafiri kesho. Nilitaka kuichana niandike nyingine safi. Nikasema la, yale ya juu yabaki, ndivyo nilivyohisi, na kinyaa bado ninacho.

Maulidi yamesomwa jana baada ya alasiri. Mashaka aliniapia dufu atalishusha asubuhi. Asubuhi akakimbilia Buguruni kufuata mchele, gari likakwama kwenye tope, na wageni wakafika kabla yake. Unawajua watu wa Kigamboni, hawajawahi kuchelewa ubwabwa.

Walifika wamelowa chapachapa. Kwenye pantoni mvua iliwapiga, na madufu waliyafunga kwenye mifuko ya nailoni lakini wapi, maji yaliingia. Kama kawaida wakataka moto wayaoteshe ngozi zikaze. Moto gani? Mkaa wetu umelowa. Demetria, Mungu ambariki, akaleta jiko lake na mkaa wa uvunguni kwake, nao ukatoa moshi mtupu. Wazee wanakohoa, macho yanawatoka machozi, na ngozi zimelegea. Ukipiga unadhani unapiga godoro. Watu wameshakaa mkekani, ubani unafuka, na maulidi ya baba hayana sauti.

Mzee Mfaume akatoka kibarazani kutafuta pakavu. Nikamfuata nikitaka kumzuia, nikachelewa. Kasimama mbele ya gemu, mtoto mmoja anapiga vitufe hata hamtazami. Mzee kainua kichwa. Akasoma yale maandishi polepole kwa sauti, herufi kwa herufi. Kaka, nilitamani ardhi inimeze na matope yake.

Akanyoosha mkono, akaligonga dufu kwa ncha ya kidole.

Likalia. Ting! Safi, kavu, mpaka ndani walinyamaza. Toka tumeingia kwenye mvua hizi sijasikia kitu kikavu hivyo. Ile globu ninayoilaani ndiyo iliyokuwa inaliotesha usiku na mchana.

"Lishushe," akaniambia.

"Mzee wangu, limepigiliwa misumari. Na umeme ule."

Akamwambia mtoto achomoe waya ukutani. Akapitisha mikono nyuma, akapapasa, akacheka kidogo. Hakukuwa na msumari hata mmoja. Mashaka alichonga vibao vitatu vidogo vyenye mfereji, ukingo wa dufu umekaa humo, na nyuma kapitisha kamba mbili za tyubu ya baiskeli zikavutana. Mzee akafyatua moja, akafyatua ya pili, dufu likamwangukia mikononi zima, halina mkwaruzo.

Mashaka aliporudi na mchele wake nilimuuliza mbona hakuniambia. Akanikodolea macho. "Dada, mie nitapigilia vipi msumari kwenye dufu la baba? Una akili kweli?"

Basi wakaanza. Mzee Mfaume ndiye aliyelishika, na unajua wanavyoyainua madufu juu na kuyashusha wakiyumba. Mtume anasifiwa, watu wamefumba macho, na mbele yao GEMU LA BADRU linapanda, GEMU LA BADRU linashuka, na maua ya biharusi pembeni. Nilijifunika kanga uso mzima. Nusaiba alikuwa pembeni yangu mlangoni pa chumba, akaninong'oneza kwamba herufi zimetoka vizuri. Nikamfinya.

Mama alikuwa nyuma yetu, chumbani na wanawake. Ile sauti ilipoingia akanishika mkono. "Ndilo," akasema. Alilia mpaka dua, kilio kile cha polepole, na sijui kama alilia kwa huzuni.

Na nje kibarazani je? Wale wazee wengine, mmoja mmoja, walikuwa wanapachika madufu yao kwenye vibao vya Mashaka, wanarudisha waya, wanasubiri ngozi ikaze, wanakuja kuungana na wenzao. Wakisubiri wanacheza gemu. Mzee mzima na kanzu yake, anamwuliza mtoto wa kamasi kitufe gani ni cha kuruka. Niliona kwa macho yangu haya.

Baada ya chakula Mzee Mfaume akaniita. Alikuwa amelipakata dufu.

"Huyu Badru si yule aliyekuwa anakaa mapajani kwa baba yako?"

Nikasema ndiye.

"Siku hizi anafanya nini?"

Nikasema yuko Dubai, anatuma vitu, anatukumbuka sana. Kweli nilikutetea, kaka. Akapitisha kidole juu ya lile jina.

"Basi dufu lina mwenyewe, limeshaandikwa. Leo nimeliazima, mwanangu. Mwakani siazimi."

Akanipa mkononi, akavaa makubadhi yake, wakaondoka kuwahi pantoni.

Leo toka asubuhi nimeisugua ile hina. Ndimu, majivu, mswaki. Haitoki, imeingia kwenye ngozi. Nikasema liwe liwalo, nitalirudisha kwenye msumari wake sebuleni. Ukuta unatiririka maji. Nikaligonga jioni, limeshaanza kulegea. Nikabaki nimesimama nalo, mama ananiangalia, Mashaka ananiangalia. Mwisho nikamwita mie mwenyewe. Nikamwambia nenda kalipachike.

Kwa hiyo liko juu ya gemu. Harufu ya mbuzi ipo. Kamasi zipo, ubuyu upo. Na magharibi hii anayewasha ile globu ni mimi, kwa kijiti kikavu, nimeziba pua.

Lile ombi langu la juu nimelifuta. Usimpigie Mashaka, wala usimwandikie. Baba alipozikwa ulituma mazulia ya watu kukalia, tukayakalia. Ukatuma feni, ukatuma viatu vya mama, ukatuma gemu. Vyote vimefika na tumeshukuru. Safari hii usitume kitu. Zile kamba za mpira ni mbili tu, kaka, zinafyatuka kwa kidole, hata hicho kilichobanwa na mlango. Njoo ulishushe mwenyewe kabla ya Shaabani nyingine.

Mama anakusalimu na anakuombea kila baada ya swala. Mashaka na Nusaiba wanakusalimu, na wanataka kujua kama umependa kibao, usiwajibu. Demetria anakusalimu, kuku wake amepona. Nisalimie wote unaokaa nao huko.

Mwenyezi Mungu akulinde na mashine, na milango ya magari, na kukawia.

Mdogo wako anayekupenda hata akiwa amenuna,

Tunu