Taa za Kijani Kwenye Pampu

12 Mei. Mwaka wa nne tangu niondoke nyumbani.

Dada yangu,

Hujambo? Mama anaendeleaje? Mimi nimechoka, lakini sijalazwa, kwa hiyo tuseme ni mzima.

Kiwandani wameleta mashine mpya za kuchanganya rangi za nyumba. Sisi wabeba mapipa tumeambiwa tujifunze kuzihudumia, atakayeshindwa aage. Mkufunzi anasema mashine huongea zenyewe kwa zenyewe, kwa matabaka. Chini kabisa ni waya. Juu yake ni anwani, ujumbe ujue unakwenda kwa nani. Halafu kuna tabaka la kuhakikisha umefika mzima. Juu kabisa ndiyo maana yenyewe: fungua, funga, jaza. Mashine ikigoma unaanza kukagua chini, unapanda.

Kipara, mbeba mapipa mwenzangu tunayelala naye chumba kimoja, ananicheka. "Jana mapipa mgongoni, leo unaulizia hali ya waya!" Nikamwambia anyamaze, anwani ya pampu ya rangi yeye kaiandika kiganjani asiisahau.

Msomee mama barua hii. Kila mara unaniandikia "mama anakusalimu sana." Safari hii niandikie alichosema, neno kwa neno.

Mdogo wako

3 Julai

Mdogo wangu,

Pole na kazi. Huku tunaamka, tunalala.

Umenibana, basi nakwambia. Nilimsomea mama. Alisikiliza vizuri, akacheka ulipomnyamazisha Kipara. Nilipomaliza akasema, "Huyu kijana anaandika vizuri. Mama yake yuko wapi?"

Ni tangu mwaka jana. Mimi ananiita shangazi, naitika. Zile salamu nilikuwa nazitunga mwenyewe. Niliogopa utaacha kazi ukimbie, ufike asikutambue, ukose huku na huko.

Usininunie.

Dada yako

20 Agosti

Dada,

Shikamoo. Ya afya yangu tuyaache.

Barua yako ilifika wiki ile rangi ilipofurika. Pampu ilikuwa inapokea, inajibu, taa zote za kijani. Mimi na Kipara tulikagua waya, anwani, tukaona ujumbe unafika mzima, tukamwambia fundi mkuu kuko sawa. Kumbe mashine ya kuchanganya inaagiza kwa lita, pampu inahesabu kwa ndoo. Ikiagizwa arobaini, inamwaga ndoo arobaini, nayo inajibu kwa adabu kwamba imetimiza. Rangi nyeupe ilitufika vifundoni.

Fundi mkuu hakufoka. "Mliiuliza kama imepokea," alisema. "Mliiuliza kama imeelewa?" Akatupatia makoleo. Nilizoa rangi machozi yakinitoka. Kipara akadhani ni ile harufu, akaniambia nitoke nje nipate hewa.

Sikununii. Ningekuwa mimi niliyebaki na mama, ningetunga salamu hizo hizo, pengine ndefu zaidi. Ila nilizisoma kitandani kila nilipochoka, na sasa sijui nisome nini.

Mtihani wa kuzihudumia mashine ni mwezi wa kumi. Sitaufanya. Kipara ameniita mjinga mara nyingi, kisha akanipa begi lake kwa kuwa langu limechanika mshono.

Usimfundishe mama jina langu, utamchosha bure. Usimwambie anayekuja ni mwanawe, akaanza kujilaumu kwa kutonijua. Akinikaribisha kama mgeni, nitaketi. Natarajia kufika wiki ya pili ya mwezi wa tisa.

Mdogo wako