Kufagia Kaburi la Mfalme

Luksor, Misri, Ijumaa, baada ya isha

Miguu inawaka na usingizi hauji. Jeshi limetupa likizo tutembee, basi tumetembea: gari la farasi hadi mtoni, mashua kuvuka Nile, kisha punda mpaka makaburi ya wafalme. Mwenye punda haraka, haraka, kama anakimbia mvua. Mvua yenyewe huku hakuna!

Mlangoni mwa kaburi nikavua viatu, nikawasalimu waliolala, kama tunavyofanya kwetu Kisarawe. Mara mikono ikaanza yenyewe kuokota kokoto na kufagia mchanga. Mlinzi akanirukia, akidhani naiba.

Thomas, askari mwenzangu wa Mbwawa, akacheka. "Rajabu, huyu mfalme ni ndugu yako?"

Nikaendelea kuokota. Mama amezikwa kijijini kwetu, Msimbu, masika hii, na mimi nipo huku. Sijui nani anampalilia kaburi. Dada yupo, lakini dada na watoto wale...

Thomas akaniangalia usoni. Akachuchumaa, tukaokota sote mpaka mlinzi akachoka kutufukuza.

Kesho anataka tuvuke tena. Siendi. Wale wafalme wana mlinzi wao.