Jiwe Lililoyeyuka Kijikoni

Malaba, Jumatano, Machi 1966

Bado nina hasira. Mdogo wangu Okisai amewaonyesha wageni mawe niliyotolewa hospitalini kwenye kifuko cha nyongo, kisha akaniambia:

"Mzee, hizi ni kokoto za barabarani. Huyu Nekesa wako wa Nambale alikulisha."

Nekesa, mke wangu, alikuwa anasikia. Nikaweka jiwe moja kijikoni, juu ya mshumaa. Likayeyuka kama mafuta.

"Kokoto inayeyuka?"

"Basi ni uchawi wake."

Mjinga! Ni mafuta ya nyongo yangu mwenyewe, yaliyoganda tabaka juu ya tabaka.

Kidonda cha upasuaji hakifungi, sitapona. Nikifa, Okisai atamfukuza Nekesa shambani. Nakiri ninamchukia mdogo wangu.

Kesho nitawaita wazee. Jiwe la pili litayeyuka mbele yao, na kijiko atakishika Okisai mwenyewe, asije akasema tena ni uchawi.