Kulima Kinestori

Litapunga, mlimani

Baba Rosine,

Sisi huku wazima. Mvua imewahi, mbuzi kazaa pacha, na kikundi chetu cha kilimo kimenichagua mwenyekiti.

Mwalimu wa kilimo alitaka mashamba mawili ya mafunzo yanayopakana: moja lenye matuta ya kukinga maji, matandazo na samadi, lingine liachwe bila chochote, watu waone tofauti. La kwanza nimetoa langu. La pili nimetoa lako, kule kwenye mteremko. Kibao kina jina lako, Nestori. Siku hizi mtu akilima hovyo watoto wanamcheka: "Unalima kinestori!"

Uliagiza kutoka Mpanda, huko kwa mwanamke wako, kwamba mama yako nimpe pa kulima. Nimempa hapo hapo kwenye shamba lako la mteremko. Juzi nilimkuta anamwaga samadi kwa kificho, nikamnyang'anya ndoo.

"Mkamwana, sasa nitakula nini?"

Nikamwambia ataharibu somo.

Mahindi yake yamedumaa, ya njano tupu. Wageni wa mafunzo wakifika, wakayatazama, wakamtazama na yeye, wanaelewa haraka sana.

Anakusalimia.

Mama Rosine