Gunia la Makapi

Jumatatu, 3 Juni
Mashine imewaka saa moja. Foleni mpaka barabarani. Alizeti ya mwaka huu imejaa vizuri, mafuta yanatoka mpaka raha. Stoo ya nyuma watoto walemavu sita. Wifi yangu Hadija anawageuza, anawalisha, anawanyoosha miguu. Alikuwa muuguzi mpaka serikali ilipopunguza wafanyakazi. Nikampa stoo na magodoro, nikamwambia Jumatatu na Alhamisi ni zako. Mama zao wanakuja na gunia kichwani na mtoto mgongoni, kama wateja wengine, wanatuachia mtoto mpaka alasiri. Wanakwenda kuvuna, kufua, wengine kulala tu.

Elia amemaliza uji. Ana miaka saba, shingo haikazi, anameza kwa shida. Ukimlisha amelala chali unamuua. Mama yake alilala juu ya magunia kando ya mashine, na kelele zote zile. Nimewafokea waliotaka kumwamsha.

Jumatano, 5 Juni
Tajiri mmoja kutoka Dodoma amefungua mashine ng'ambo ya barabara. Ukuta wake unawaka rangi. Ushirika umekufa, sasa biashara ni huria, kila mtu anajitangaza, mimi nimekaa kama mjinga. Nimemwita mchoraji. Ukuta mzima wa mbele, herufi nyekundu: TUNAKAMUA ALIZETI. TUNATUNZA WATOTO WALEMAVU, MAMA ZAO WAPUMZIKE. Umependeza sana. Hadija aliutazama, akarudi stoo. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Juni
Watoto wawili tu.

Jumatatu, 10 Juni
Hakuna hata mmoja. Sufuria nzima ya uji tumewamwagia kuku. Nimekasirika. Nimewapa chumba, nimewapa sabuni, leo wananisusa! Nimesema maneno mabaya mbele ya wateja. Sitayaandika.

Jumanne, 11 Juni
Hadija kanikalisha kitako. Yeye akikasirika huongea polepole. "Wifi, hawa walikuwa wanakuja mashineni. Nani anamuuliza mwanamke mwenye gunia anakwenda wapi? Wengine alizeti hawana kabisa, gunia wanajaza makapi. Wewe umewaandika ukutani."

Habari ya makapi sikuijua. Magunia yao anayapokea yeye mlango wa nyuma, alasiri yanarudi yalikotoka. Miezi yote hiyo sijafungua hata moja.

Kuhusu Elia, baba yake aliusoma ukuta siku ya mnada. Amekataza mtoto asiletwe, watu wasimseme. Mama anavuna peke yake, mtoto anamfungia ndani, mlango anaufunga kwa kamba. Juzi alirudi akamkuta ametapika, amelala chali, midomo imebadilika rangi. Hadija anasema ipo siku atachelewa.

Ukuta ule sikuuandika kwa ajili ya watoto. Niliuandika ili niitwe mwema.

Jumatano, 12 Juni
Nimepaka chokaa mwenyewe. Mkono wa kwanza, wekundu bado unachungulia. Mkono wa tatu ndiyo ukafunika.

Halafu nikaenda kwa kina Elia na pikapu. Kosa jingine. Majirani wote walitoka kutazama. Mama Elia alikuwa anapura mtama uani. "Shikamoo, Bi Mashine. Elia hayupo, yuko kwa bibi yake Manyoni." Nyuma ya mlango wenye kamba nikasikia anakohoa. Mama yake akaona kwamba nimesikia. Nilitaka kuuvunja ule mlango. Badala yake nikasema kwa sauti, majirani wapate kusikia, kwamba nimekuja kumkumbusha alizeti yake, Jumatatu ailete mapema. Nikaondoka. Nimelia ndani ya gari.

Alhamisi, 13 Juni
Wameingia watoto watatu, mlango wa nyuma. Elia hayumo.

Jumapili, 16 Juni
Mtu akikohoa barabarani nageuka. Kama yule mtoto akifa, nitakuwa nimemuua kwa rangi nyekundu. Hadija anasema nisubiri, nikienda tena namharibia mama yake. Kusubiri sijui, sijawahi kujua.

Jumatatu, 17 Juni
Saa nne, baiskeli. Baba Elia anaisukuma, gunia nyuma. Mkewe anamfuata, mtoto mgongoni ndani ya kitenge. Hawakuzunguka nyuma. Wamekuja kwenye foleni, mbele ya watu.

Nimelipokea gunia mwenyewe. Jepesi kama mto wa kulalia. Makapi. Baba Elia akawa anatazama kandambili zake. Nikaliweka kwenye mizani, nikaweka na goti langu juu, mshale ukaruka. "Gunia la Baba Elia limejaa kweli kweli! Zamu yake alasiri, mkewe atasubiri hapa." Hakuna aliyeuliza kitu. Baba Elia akasema ahsante mama, akapanda baiskeli yake.

Elia nimemlisha mimi. Nimemkalisha wima, kichwa kifuani kwangu, kijiko kimoja kimoja. Imechukua saa nzima. Amemaliza bakuli.

Mama yake kalala pale pale juu ya magunia. Saa tisa alizeti ya watu ilikuwa imekwisha na foleni imeondoka. Fundi akataka kuzima mashine. Nimemwambia aiache iendelee.